Shajara ya mradi: kapu la kupikia bila moto, chumba cha wanafunzi wawili, Manyatta, Kisumu

Jumapili 12 Januari 2025: hesabu ya kuanzia

Mimi ni mtu wa Mwanza, niko Kisumu kwa masomo, mwaka wa pili, napanga chumba kimoja Manyatta na dada mmoja wa Kakamega, kodi tunagawana. Nimeamua niwe naandika kila hatua ikiisha ili mwenye shida kama yangu achukue, na asirudie yaliyonishinda.

Shida yenyewe ni gesi. Wanaosoma nje ya kwao wataelewa, kinachomaliza hela si ada, ada unajua ni kiasi gani na inatakiwa lini, kinachomaliza ni vitu vya kila siku ambavyo nyumbani ulikuwa huvioni kwa sababu mama ndiye alikuwa anavilipia. Mama akinitumia 50,000 ya Tanzania kwa simu, huku inafika kama 2,400 ya Kenya, na kujaza mtungi wa kilo 6 hapa kwetu ni 1,200. Yaani nusu ya pesa ya mama inaenda kuchemsha maharage.

Na ni maharage hasa. Ugali, sukuma, omena, hivyo dakika chache umemaliza. Lakini nusu kilo ya maharage makavu ya rosecoco inakaa motoni saa mbili na zaidi, githeri (mahindi na maharage pamoja) ndio usiseme kabisa. Matokeo yake tunanunua kibandani, maharage na chapati mbili 80, watu wawili, mchana na jioni, piga hesabu mwenyewe. Koili, lile jiko la waya la stima, mwenye nyumba hataki, mita ni moja ya ploti nzima, na keateka, msimamizi wa ploti, anapita usiku anasikiliza milangoni (koili inalia vipi mimi sijui, ila yeye anaisikia).

Wazo ni la zamani wala si langu. Ulaya wakati wa vita kuu watu walikuwa wanapika kwenye masanduku yaliyojazwa nyasi kavu ili kuokoa makaa. Chakula hakihitaji moto muda wote, kinahitaji joto. Ukishakichemsha vizuri ukazuia joto lisitoroke, kinaendelea kuiva chenyewe wewe uko darasani. Lengo nililojiwekea: nusu kilo ya maharage kwa moto usiozidi dakika 20, na kapu lisizidi bei ya kujaza mtungi mmoja.

Jumamosi 18 Januari: katoni, imeshindikana

Katoni nimepewa bure dukani, magazeti ya zamani tumekusanya, sweta za mitumba 50, selotepu 80. Jumla 130. Magazeti nikayakunja nikayapanga chini na pembeni, sufuria katikati, sweta juu.

Nimechemsha maharage dakika 15, saa moja asubuhi nikayaingiza, saa tisa mchana nikafungua. Vuguvugu. Harage ukilitafuna nje laini, ndani linalia kama karanga. Rumi wangu, yule dada wa Kakamega ninayekaa naye, akaonja moja akasema, "Aki hii si kupika, hii umeyaloweka tu na maji moto." Na alikuwa na haki, maana kuloweka kwenyewe tulikuwa hatujaloweka, yaliingia makavu.

Nilipochunguza nikaona makubwa mawili zaidi ya hilo. Sufuria ilikuwa ya lita 5 na chakula hakikufika hata nusu yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya ndani ilikuwa hewa, na hewa haitunzi joto kama maji yanavyotunza. Sufuria ikijaa inapoa polepole, ikiwa nusu tupu inapoa haraka. La pili ni kifuniko. Hizi sufuria zetu zisizo na mikono kifuniko chake ni bapa, kimekaa tu juu ya ukingo hakijabana chochote, mvuke wote ulipanda kwenye sweta na kushuka kwenye magazeti. Nilipoinua katoni sehemu ya chini ikabaki sakafuni.

Tumebadilisha: kuloweka usiku kucha ni lazima, sufuria ni ya lita 3 iliyojaa karibu na juu, na kitu cha juu lazima kiwe kizito cha kukandamiza kifuniko.

Jumapili 26 Januari: Kibuye

Soko la Kibuye Jumapili lina kila kitu ila lina na bei yake kwa mgeni. Nikifungua tu mdomo Kiswahili changu kinapandisha bei, kwa hiyo nilienda na dada wa mlango wa tatu, yeye ndiye akawa anaongea Kijaluo mimi nasimama nyuma nimeshika pochi kama mtoto. Kapu kubwa la kusuka walitaka 450 tukalipata 350. Mabaki ya sponji kwa mafundi wa makochi, gunia dogo, 250. Hapo angalia vizuri, wanachanganya na vipande vyembamba vya karatasi na vumbi, mwambie amwage chini kwanza uone. Kitambaa, muuzaji kaapa ni pamba tupu, mita mbili 300. Fundi cherehani jirani na kwetu 200.

Tumeshona mito miwili. Mmoja mrefu unazunguka ukuta wa kapu na kushuka mpaka chini, wa pili wa mviringo ndio mfuniko. Sponji ijae unene wa vidole vinne kila upande, na tundu la katikati libane sufuria, usiache nafasi ya hewa kupita. Namna ya kupata kipimo: sufuria yenyewe mpelekee fundi. Mimi nilimpelekea kamba niliyopimia, tundu likatoka kubwa, akalirudia (hakuniongezea bei, Mungu ambariki).

Kapu limekula 1,100, na ile 130 ya katoni ni 1,230. Lengo limepitwa na 30 kabla hata ya kupika.

Jumamosi 1 Februari: harufu

Nimechemsha ndengu, nikatoa sufuria kwenye moto moja kwa moja nikaitumbukiza kwenye kapu. Dakika tatu hivi harufu ya plastiki ikajaa chumba, ikatoka ukumbini, ikamfikia keateka. Akagonga. "Nyar Mwanza, fungua. Unachoma koili?" (Nyar Mwanza kwa Kijaluo ni binti wa Mwanza.) Nikafungua, akaingia akatazama chini ya kitanda, akatazama nyuma ya pazia, mwisho akasimama mbele ya kapu. Nikamfungulia. Akaniangalia muda mrefu kidogo. "Hii ni nini sasa?" Nikamwambia ndengu. Akaondoka bila kusema neno.

Ile pamba tupu ilikuwa na nailoni. Chini ya kapu kulikuwa na duara jeusi limegandamana limeshika sponji, ukubwa uleule wa sufuria.

Kabla ya kununua kitambaa vuta uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kubaki jivu laini. Nailoni inajikunja na kuacha kijidonge kigumu. Muuzaji akikataa usichome uzi mmoja, hapo umeshapata jibu.

Dawa ya kapu letu: gunia la katani lililokunjwa mara nne linakaa chini, shilingi 30 kwa mama anayeuza mahindi. Na sufuria ikitoka motoni naiweka kwanza juu ya sinki kwa sekunde chache kitako kipungue ukali. Maharage hayapoi kwa muda huo, kinachopoa ni chuma tu.

Jumapili 9 Februari: yalichacha

Wiki yote kapu lilifanya kazi vizuri, rosecoco zinaiva mpaka zinapasuka, tukaanza kujisifu. Alhamisi nikayaweka saa moja asubuhi kama kawaida, praktikali ya mchana ikasogezwa jioni, rumi naye akaenda kwa shangazi yake, nimefungua kapu saa tatu usiku. Povu juu na harufu ya uchachu. Yakamwagwa yote, maharage ya 80, na tui la nazi ambalo huku si la bei rahisi.

Hapa nikaona nisikisie tena. Rafiki anayesoma sayansi ya chakula kanipa kipimajoto, Jumamosi nikakaa nyumbani na sufuria iliyojaa, napima kila baada ya saa mbili. Ilianza nyuzi 95. Saa mbili baadaye 84, saa nne 75, saa sita 67, saa nane 60, saa kumi 54. Chumba chenyewe kilikuwa 27.

Namba ya kuikumbuka ni 60. Juu ya hapo bakteria wengi wa kuharibu chakula hawazaliani, chini ya hapo wanaanza sherehe. Kapu letu linafika hapo kwenye saa ya nane, na mimi nilikuwa nimeliacha kumi na nne. Sasa hivi kama sina uhakika wa kurudi ndani ya saa nane siweki chakula kabisa, nanunua kibandani na roho yangu imetulia. Na kikitoka lazima kirudi motoni kichemke tena kabla ya kuliwa, hata kama kimetoka bado kinaunguza ulimi. Tui, nyanya na chumvi vinaingia hapo mwishoni. Tui likilala kwenye kapu linawahi kuharibika, nyanya zinafanya maharage yagome kulainika.

Kuna jambo lingine rafiki yangu huyo alinisisitizia na mimi nalirudia kwa nguvu hasa kwa wanaopika maharage mekundu. Yana sumu ya asili, inakufa ukiyachemsha kwa nguvu dakika 10 kamili, maji yanatokota kweli sio kutoa mapovu ya pembeni. Joto la kapu peke yake haliiui. Maji ya kulowekea mwaga, weka mapya. Sisi tunachemsha 15 ndio tuwe na amani.

Maji pia tumeyapunguza. Jikoni unaweka mengi kwa sababu yanakauka, kwenye kapu hayaendi popote, sisi siku za kwanza tulikuwa tunakunywa mchuzi. Yakizidi maharage kwa vidole viwili yanatosha.

Alhamisi 27 Februari: Ramadhani inaingia wikendi hii

Ratiba imebadilika kwa hiyo na kapu limebadilika. Siku tatu kwa wiki nina lekcha mpaka saa kumi na moja jioni, matatu, foleni ya Kondele, nafika nyumbani adhana inakaribia. Mwaka jana nilikuwa nafuturu tende na maandazi ya kununua, nikija kuwasha gesi nimechoka, nalala.

Nimejaribu wiki hii kabla mfungo haujaanza. Maharage yanaingia saa sita mchana, narudi mbio kipindi cha chakula kuyachemsha (nitakuwa sili, muda upo), saa kumi na mbili na nusu yanatoka yakiwa yameiva, yanachemka na tui dakika tano. Wali ni rahisi zaidi. Mchele wa Ahero unachemka dakika tano, maji kikombe kimoja na nusu kwa kikombe cha mchele, unakaa kwenye kapu kwa muda wa saa moja, ukitoka umechambuka. Ila wali usiuache ulale humo, wali wa uvuguvugu unaumiza tumbo kuliko maharage.

Kwa daku nilitaka uji. Nilipika saa nne usiku nikauweka mpaka saa kumi alfajiri. Joto lilikuwa zuri ila uji ulikuwa mzito, kijiko kinasimama. Unga unaendelea kunywa maji humo ndani. Sasa naupika mwepesi mpaka unaona aibu kumpa mtu, alfajiri unakuwa sawa.

Rumi wangu hafungi, ila kaleta mchango mkubwa kuliko wangu wote, chupa ya munyu kutoka kwao. Ni maji ya majivu yaliyochujwa, kwao wanaweka kwenye mboga za kienyeji zilainike. Kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya maharage na hata yale ya zamani ya dukani yanakubali. Tulipoongeza cha pili yakawa uji na yana ladha ya sabuni.

Jumamosi 15 Machi: Njoro imegoma

Kijana mmoja wa Bukoba anayesoma Njoro, kule Nakuru, alinifuata hatua kwa hatua, kapu lake zuri kuliko langu hata, kashona na zipu. Maharage yake hayaivi. Katuma video analigonga harage na kijiko, linaita.

Tumezunguka siku mbili tunalaumu sponji, kisha tunalaumu maharage. Rafiki wa kipimajoto ndiye aliyeuliza, huko Njoro maji yanachemka kwa nyuzi ngapi? Hapa Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, sawa na Mwanza maana ziwa ni lilelile, maji yanachemka kwenye 96 hivi. Njoro iko karibu mita 2,200, maji yanachemka kwenye 93 au chini kidogo. Anaanza safari nyuma yangu nyuzi tatu, na chumba chake usiku kina baridi ya kuvaa soksi mbili, kwa hiyo anashuka haraka. Mimi sikuwahi kuwaza kwamba mlima unaingia kwenye maharage, nyumbani na hapa ni kimo kimoja.

Kinachomfanyia kazi sasa: anachemsha nusu saa badala ya dakika 15, kapu analifunika blanketi zima, na baada ya saa nne anatoa sufuria anachemsha tena dakika tano anarudisha. Gesi inaenda zaidi yangu ila bado ni chini ya nusu ya ile ya zamani. Munyu kule hajapata, mtu wa Nakuru anayejua unapouzwa amwambie. Wa Kericho, Eldoret na kwingineko juu, fuateni yake msifuate yangu.

Jumamosi 29 Machi: ukungu, hesabu, na oda

Mvua zimeanza na kapu likaanza kunuka kabati la bibi. Nimefumua mto wa juu, sponji ya katikati ina madoa meusi. Mvuke wa kila siku unaingia na chumba chetu hakina dirisha la maana, haukauki. Sponji yenye madoa imetupwa, nusu gunia jingine 150. Kinachozuia sasa ni taulo kuukuu, sufuria inaviringishwa taulo kwanza ndipo inaingia, taulo linakunywa unyevu, linafuliwa na kuanikwa. Kapu nalo likimaliza kazi linabaki wazi, jua likitoka linapelekwa kwenye kamba. Nilifikiria kuweka nailoni ndani, nikakumbuka harufu ya Februari.

Kwa hiyo kapu mpaka leo: 1,230, gunia la katani 30, sponji ya pili 150, jumla 1,410. Ukianza na kapu moja kwa moja bila ya katoni, ukachoma uzi na ukapeleka sufuria kwa fundi, unaweza kutoka na 1,150 hivi. Mtungi uliojazwa mwanzo wa Februari umeisha juzi. Zamani haukuwa unamaliza mwezi, na hapo tulikuwa tunakula nje nusu ya siku.

Mama mboga wa pale kona kaona. Anauza githeri jioni, makaa yanammaliza, alikuja mwenyewe chumbani akaweka mkono ndani ya kapu akanyamaza, kisha akasema, "Nyar Mwanza, na mimi nitengenezee, lakini kubwa." Yake ni sufuria ya lita 15. Kwa joto hiyo ni nzuri kuliko yetu, chakula kingi kinapoa polepole. Tabu iko kwenye kuinyanyua, lita 15 zinazochemka si za kushusha ndani ya kapu na mtu mmoja. Fundi wa mbao kasema sanduku la kufungukia ubavuni, sufuria inaingia kwa kusukumwa, ubao ni 900, sponji nimekadiria 700, na sijajua mlango utabana vipi bila kuvujisha joto. Kaacha 500 ya kuanzia. Sufuria yake inakuja kwetu Jumapili baada ya kuuza, nitaipeleka nzima kwa fundi.